Haki ya Kope

Sura ya al-Kahf ina habari za vijana waliolala pangoni karne baada ya karne, na aya yake ya 18 hunigusa kuliko zote. Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba lau ungewaona ungedhani wako macho, kumbe wamelala, na kwamba Yeye ndiye aliyekuwa akiwageuza, mara kulia, mara kushoto. Mimi ni muuguzi wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Dar es Salaam. Kumgeuza mtu asiyejitambua ndiyo kazi yangu: kila baada ya saa mbili, mmoja kashika mabega, mwenzake nyonga, wa tatu analinda mpira wa kupumulia usichomoke. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba lau vijana wale wasingegeuzwa, ardhi ingewala miili yao. Muuguzi aliyewahi kusafisha kidonda cha mgongo kilichofika mfupani anaielewa kauli hiyo bila kufafanuliwa.

Kinachonishika zaidi ni macho yao. Ibn Kathir, aliyefariki Damaski mwaka 1373, anataja katika tafsiri yake kwamba baadhi ya wanazuoni walisema macho ya vijana wale yaliachwa wazi ili yapate hewa, yasije yakaharibika. Ndiyo maana aliyewaona angewadhania wako macho. Mimi nalinda macho yanayoharibika kwa sababu hiyohiyo, kwamba yameachwa wazi na hewa inayapiga. Sibishani na Ibn Kathir. Anazungumzia watu waliokuwa chini ya ulinzi wa Mola wao bila muuguzi wala daktari, na hali yao ilikuwa muujiza. Wagonjwa wangu hawamo katika muujiza. Wamo katika vitanda vyenye namba, na ulinzi wao Mungu ameupitisha katika mikono ya watu. Basi mikono hiyo inawajibika mpaka wapi? Mtu ambaye kwa sasa hajui hata kama ana macho, na huenda asiamke tena, kope zake zina haki gani juu yangu?

Nieleze kwanza kinachotokea, maana ndugu wengi wa wagonjwa hawajawahi kuelezwa.

Mtu mwenye afya hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika. Kila akipepesa, kope hutandaza machozi juu ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ambao unene wake ni kama nusu milimita tu. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata kwa sehemu kubwa kutoka katika hewa ya nje, kwa kupitia machozi hayo. Tukilala usingizi wa kawaida, msuli unaolizunguka jicho hukaza, kope zikafungika, na kwa wengi wetu jicho lenyewe huviringika kuelekea juu likajificha. Hakuna aliyetufundisha.

Usingizi wa dawa ni jambo jingine kabisa. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hupewa dawa za kumlaza, na mara nyingine za kulegeza misuli ili asishindane na mashine. Dawa hizo hulegeza hata msuli wa kope. Unabaki upenyo. Kupepesa kunakoma, machozi yanapungua. Juu ya hayo mashine inasukuma hewa kifuani kwa nguvu, damu inachelewa kushuka kutoka kichwani, na kamba ya kufungia mpira ikikazwa kupita kiasi hali inazidi. Uso unavimba, na ule utando unaofunika weupe wa jicho unajaa maji mpaka unatokeza nje ya kope. Hapo hata ukitaka kulifumba jicho halifumbiki. Konea inakauka, tabaka lake la juu linachubuka, mara nyingi katika sehemu ya chini ambako kope haikufika. Tafiti za nchi mbalimbali zimeyakuta majeraha haya kwa mgonjwa mmoja kati ya watano katika wodi nyingine, na katika nyingine kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliolazwa kwa dawa. Mengi hutokea ndani ya wiki ya kwanza.

Chubuko dogo likitunzwa hupona kwa siku moja au mbili. Lisipotunzwa, vijidudu huingia. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas, mwenyeji wa mahali penye unyevunyevu na mipira ya hospitali, ambaye anaweza kuitoboa konea kwa siku chache. Njia yake mojawapo ni makohozi: muuguzi anayavuta kwa mpira, akimaliza anauondoa mpira ule kwa kuupitisha juu ya uso wa mgonjwa, tone linaangukia jicho lililo wazi. Jicho likipona baada ya hapo hubaki na kovu jeupe, lile ambalo wazee wetu huliita chamba. Mtu anatoka hospitali mzima, mapafu yamepona, figo zimepona, na haoni.

Nimewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Alirudi kliniki akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake, akatusalimu mmoja mmoja kwa kutuuliza majina, kwa kuwa alitaka kuwashukuru waliomwokoa. Katika hospitali ile, ambayo sitaitaja, faili lake lilisema ametoka akiwa amepona. Kuhusu macho hapakuwa na mstari hata mmoja, tangu siku aliyoingia.

Nimesikia mara nyingi, na kwa watu ninaowaheshimu: "Sista, hapa tunapigania roho. Jicho baadaye." Kauli hiyo haisemwi na mtu mbaya. Moyo unaposimama, hakuna mwenye akili atakayeacha kukandamiza kifua akatafute mafuta ya macho. Uhai hutangulia, na sharia yenyewe imejengwa hivyo. Imamu Ghazali alipoyahesabu mambo makuu matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, alitaja dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Jicho hukuti limetajwa.

Lakini wanazuoni haohao wa fiqhi wakaiwekea dharura mpaka: inahesabiwa kwa kadiri yake na haivuki hapo. Aliyekaribia kufa kwa njaa ameruhusiwa nyamafu, na wengi wao wakasema ale cha kumwokoa, si cha kumshibisha. Vivyo hivyo dharura ya moyo uliosimama inakwisha moyo ukirudi kupiga. Saa nane za usiku mashine imetulia, presha imepanda, muuguzi anajaza chati. Wakati huo neno "tunapigania roho" halina tena kazi pale kitandani. Kuna dakika mbili za kulitunza jicho, na kuna uamuzi wa kuzitoa au kutozitoa. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba dharura imekwisha na ruhusa yake imebaki, kesho yake tena na wiki inayofuata.

Na kuna jambo la kuhuzunisha humo ndani. Hakuna mgonjwa ambaye macho yake hufunguliwa na watu mara nyingi kama wa ICU. Kila saa tunainua kope, tunamulika tochi, tunaangalia kama mboni inasinyaa, tunaandika ni milimita ngapi. Mboni inatupa habari za ubongo. Tunachungulia ndani ya jicho tukiutafuta ubongo, na jicho lenyewe hatulitazami. Kisha kidole kinaachia, na kope iliyoinuliwa haishuki yote.

Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia Abdullahi bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki juu yake. Masheikh huisoma hadithi hiyo wakiwausia watu wasijitese kwa ibada. Mimi naisoma nikiwa zamu, na naona ndani yake deni. Abdullahi alikuwa na uwezo wa kulipa: aende akalale. Mgonjwa wangu haki ya jicho lake anadaiwa na hawezi kuilipa, kwa sababu tumemlaza sisi, kwa dawa zetu, kwa nia njema. Aliyemwondolea mtu uwezo wa kulipa amelibeba deni lake.

Marehemu babu yangu alisomesha Minhaji, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, barazani kwake, Tanga, baada ya sala ya alasiri. Wanafunzi walikaa nje naye, sisi wajukuu wa kike tulikaa ndani nyuma ya mlango, tunachambua mchele huku tunasikiliza. Mlango wa diya ulitutia hofu, maana unautaja mwili kiungo baada ya kiungo, na mwenye kukiharibu kila kimoja anadaiwa nini. Macho mawili, diya kamili, ngamia 100, sawasawa na diya ya mtu aliyeuawa. Jicho moja, nusu yake. Hukumu hiyo inatokana na barua ambayo Mtume aliipeleka Yemen kwa mkono wa Amr bin Hazm. Fikiri uzito wake: aliyempofua mtu akamwacha hai anadaiwa mali ileile anayodaiwa aliyeua. Sharia iliyoutanguliza uhai haikulifanya jicho kuwa nyongeza tu ya uhai.

Kisha Nawawi akafika kwenye kope, yaani ngozi ile inayofunika jicho, si nywele zake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, kope nne kwa pamoja zina diya kamili, kila moja robo yake, na hukumu haibadiliki hata mwenye kope akiwa kipofu. Namkumbuka babu akirudia maneno hayo: hata kipofu. Mwanafunzi mmoja akauliza, kope ya mtu asiyeona inamfaa nini? Babu akasema kope ni kiungo chake, ina uzuri wake na manufaa yake, na kupotea kwa nuru hakukumtoa mtu katika utu. Akafungua ukurasa mwingine, darsa likaendelea.

Hukumu ile ndiyo iliyonijibu swali ambalo kozi ya uuguzi haikunijibu. Wapo wagonjwa ambao sote pale wodini tunajua hawataamka. Ubongo umeumia mno, familia imeshaelezwa, kinachosubiriwa ni siku. Mwenzangu mmoja aliniona nampaka mafuta ya macho mgonjwa wa hali hiyo akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huyu unamtunzia macho ya kuonea nini?" Nikamsimulia kope ya kipofu. Wanazuoni wale hawakuipima kope kwa faida itakayopatikana kesho. Waliipima kwa kuwa ni ya mtu, na mtu yupo.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Mtu anaweza kusema: dhuluma ni maumivu au hasara inayompata mwenyewe. Asiyehisi leo na asiyeamka kesho haumii wala hakosi kitu, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Maumivu niyaweke kando, ingawa konea ina nyuzi za fahamu nyingi kuliko ngozi kwa mamia ya mara, na ingawa hakuna mashine pale kitandani inayoweza kunihakikishia kwamba huyu hahisi. Hata tukikubali kwamba hahisi, hoja haisimami. Mtu aliyesafiri akamwachia jirani nyumba, jirani akaiuza milango, kisha mwenye nyumba akafia safarini bila kupata habari, je, hakudhulumiwa? Kila Mswahili atajibu kwamba amedhulumiwa, na kwamba jirani ana la kujibu mbele ya Mungu. Amana hupimwa mwenyewe asipokuwepo. Na sijui mtu asiyekuwepo kuliko aliyelala kwenye mashine, mwili wake wote uko mbele yetu na yeye hana hata namna ya kukunja uso.

Malaika Jibrili alipomuuliza Mtume kuhusu ihsani, alijibiwa kwamba ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na kama wewe humwoni, Yeye anakuona. Watu huichukulia hadithi hiyo kuwa ni ya mswalani. Mimi nakutana nayo alfajiri wakati ndugu wako nje ya geti, daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji, na mgonjwa hana njia ya kujua nimemfanyia nini. Mwenzangu mmoja, Mlutheri, hufika palepale kwa njia ya Msamaria wa Injili ya Luka, aliyemimina mafuta na divai kwenye majeraha ya mtu aliyeachwa njiani karibu na kufa, mtu ambaye hakuwa na hali ya kushukuru wala kusema jina lake. Tumeshazungumza hayo mara nyingi, kila mmoja na gozi yake mkononi.

Na mtu asidhani kwamba kila asiyepepesa macho hajui. Kuna ugonjwa uitwao Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili inaishambulia mishipa ya fahamu. Kupooza huanzia miguuni kunapanda, na kwa baadhi ya wagonjwa hufika kwenye misuli ya kupumua na ya uso. Mgonjwa anakuwa kwenye mashine akiwa na akili timamu, anasikia kila neno, na hawezi kufumba macho. Tulikuwa na mwalimu mmoja kijana wa namna hiyo. Kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, ikaletwa feni ya kusimama, ikaelekezwa kitandani kwake kwa huruma, kwa kuwa alikuwa anatoka jasho. Alipopona akanisimulia kwamba katika yote, mpira wa kooni, sindano, usiku usiokwisha, kilichomtesa zaidi ilikuwa feni ile. Aliiona inavyozunguka na alisikia mchanga machoni, hawezi kugeuza kichwa, hawezi kulia. "Nilikuwa namwomba Mungu amlete mtu yeyote aizime," alisema. Aliyekuja ni mama wa usafi, akaisogeza feni apate kupiga deki, akaisahau imeelekea ukutani. Mwalimu yule anamwombea dua mama yule mpaka leo, na mama mwenyewe alipoambiwa hakukumbuka hata siku yenyewe.

Tangu hapo nikiingia zamu huangalia upepo unatoka wapi kabla sijaangalia mashine.

Kuna kikwazo kingine ambacho kwetu ni kikubwa, na hakitoki kwa wauguzi. Katika mila zetu anayefumbwa macho na mtu mwingine ni maiti. Mtume aliyafumba macho ya sahaba wake Abu Salama alipokata roho, akaeleza kwamba roho ikichukuliwa, macho huifuata. Tangu hapo ndivyo tufanyavyo: mtu akikata roho anafumbwa macho, anafungwa kidevu, ananyooshwa viungo, anaelekezwa kibla. Sasa mfikirie mama aliyesafiri kutoka Pangani, anaingia ICU, anamkuta mwanawe kafumbwa macho na kufunikwa nailoni kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni. Mama niliyempokea mimi aliishiwa nguvu mlangoni. "Mwanangu, mbona mmeshamfumba? Mbona hamkutuita?" Na ulimi wake ukaanza inna lillahi.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Yu hai. Njoo umguse." Nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani kwa mwanawe, akasikia kifua kinapanda. Alipotulia nikaona njia nzuri kuliko maneno ni kumwonyesha. Nikanawa mikono. Nikabandua nailoni. Nikalowesha gozi kwa maji ya chumvi ya hospitali, nikafuta jicho kuanzia kwenye pua kwenda nje, mara moja, nikaitupa gozi ile, nikachukua nyingine. Nikamulika tochi kwa upande, nikamwonyesha mstari mwembamba wa weupe uliobaki wazi chini ya kope. Nikashusha kope ya chini kwa kidole, nikatandaza uzi wa mafuta ndani ya kile kijibonde, halafu nikaishusha kope ya juu taratibu mpaka zikakutana. Jicho la pili vivyo hivyo, kwa gozi nyingine. Kisha nikakata nailoni mpya. Mama alikuwa anatazama vidole vyangu, si uso wa mwanawe. Mwishoni akauliza, "Nanyi mnamfanyia hivi kila siku?" Nikamjibu kila baada ya saa chache. Akasema, "Basi mimi nitasoma Yasini, nyinyi mfumbeni."

Maiti tunamfumba kwa heshima, kwa kuwa safari yake ya hapa imekwisha. Mgonjwa tunamfumba kwa kuwa tunatarajia atayafumbua. Na yule ambaye hatutarajii tena, tunamfumba kwa ajili ya kope zake.

Limebaki neno moja gumu, la subira. Yule aliyerudi kliniki ameshikwa mkono alikuwa ameshaambiwa na ndugu na majirani kwamba yote ni kadari, na kwamba imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas kuwa Mwenyezi Mungu ameahidi Pepo kwa mja anayenyang'anywa vipenzi vyake viwili, yaani macho, akasubiri. Ahadi hiyo ni ya kweli na ni yake. Naamini ataikuta. Lakini ni ahadi aliyopewa aliyepofuka, si hati ya kumsafisha aliyekuwa na mafuta ya macho mfukoni asiyatumie. Nakereka sana ninapomsikia mtu wa hospitali akimsomea mgonjwa hadithi hiyo. Mwenye haki ya kumsomea ni ndugu yake, ni imamu wake, ni yeyote ambaye mkono wake haukuhusika.

Na kadari yenyewe tunaisema nusu. Umar bin Khattab alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akapata habari za tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kukauka kwa konea ni kadari. Mafuta nayo ni kadari, na muuguzi aliyepangwa zamu usiku ule ni kadari vilevile. Hatuna idhini ya kuchagua ile ya kwanza tukaiita ndiyo peke yake.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Mwaka 2006 madaktari wa Vellore, India, walichapisha matokeo ya kuwavalisha wagonjwa wa ICU miwani ya kuogelea yenye gozi iliyoloweshwa ndani, ili jicho likae katika unyevu. Waliovalishwa waliumia kwa uchache kuliko waliopakwa dawa na kubandikwa plasta. Mwaka 2017 wataalamu wa macho wa Uingereza na wenzao wa ICU walitoa mwongozo ambao unamtaka muuguzi aangalie mambo matatu tu: kope zimefungika zote, au weupe wa jicho unaonekana, au konea yenyewe iko wazi. Zikifungika, endelea kuangalia. Weupe ukionekana, paka mafuta. Konea ikiwa wazi, paka mafuta na ufunge. Jicho likiwa jekundu, likatoa usaha, au konea ikafifia, aitwe daktari wa macho siku hiyohiyo. Atagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa, atamulika taa ya buluu, na palipochubuka patang'aa kijani. Nailoni, gozi, maji ya chumvi na mafuta ya macho ni vitu ambavyo hata hospitali zetu za mikoa haziwezi kusema ni anasa.

Ninachowaomba wakuu wa wodi ni mstari mmoja kwenye chati, chini ya ule wa mboni, wa kuandika hali ya kope kila zamu. Kisichokuwa na mstari hakikabidhiwi asubuhi. Nawaomba wauguzi wenzangu wakishamulika mboni waishushe kope kwa kidole kabla ya kuandika, na wakivuta makohozi wafunike macho na wauondoe mpira kwa pembeni.

Na wewe ambaye una mtu wako ICU, ukiingia kumwona, mtazame macho. Ukikuta amefumbwa na kufunikwa, usiogope, anatunzwa. Ukikuta weupe chini ya kope, au feni inampiga usoni, mwite muuguzi wa zamu kwa heshima umwonyeshe. Usione haya kwamba unasumbua watu walio kwenye kazi kubwa. Unadai haki ya mtu ambaye hawezi kuidai mwenyewe.